Kadi ya Salamu ya Fundi wa Redio

Nilijifunza kutengeneza kadi za salamu za kutuma kwa simu nikiwa nimeketi juu ya kreti za nyanya pale Kagio, nikingoja lori lije tupakie. Lori lilikuwa na tabia ya kuchelewa, na mimi nina tabia ya kubonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Mwenzangu mmoja alikuwa na simu yenye programu ya kupamba picha. Akiiweka chini tu, naichukua. Msimu wa nyanya ulipokwisha nilikuwa najua kuweka maua ya waridi juu ya picha ya mtu bila kumfunika pua, kufanya maandishi yametamete, na kuuweka Mlima Kenya nyuma ya mtu aliyepigwa picha ndani ya duka la mbolea.

Shule niliiacha darasa la saba. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma, nami huwaacha waendelee, lakini tangu siku ile sijaacha kusoma. Nasoma vibandiko vya dawa za ng'ombe, magazeti yaliyofungiwa nyama, maagizo ya nyuma ya pakiti. Nimechuma chai Kangari, nimeosha magari Kenol, nimepakia nyanya Kagio, na kote huko nimeondoka bila kugombana na mtu. Naondoka tu kwa sababu nimeshaona. Nilipofika Nyeri nilikuwa na begi moja na simu yangu mwenyewe, yenye ufa kwenye kona.

Fundi wa redio alinipa nafasi kwenye kibanda chake cha mabati karibu na soko. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, anatengeneza redio, pasi na saa za ukutani. Mikono yake ilikuwa bado imara, ila macho hayakuona tena nyaya nyembamba, kwa hiyo mimi niliziona kwa niaba yake. Wakati uliobaki nilitengenezea watu kadi za kutuma kwa simu: za siku ya kuzaliwa, za mahafali, za kumpongeza mtu aliyejifungua. Jirani yetu alikuwa mama wa chapati, Mwislamu mzaliwa wa hapo mjini, ambaye wazee wake walitoka kila upande wa nchi. Yeye alimwita mzee babu. Mimi aliniita msafiri, hata siku nilizokuwa nimekaa tu.

Asubuhi ndiyo ilikuwa saa ya kadi. Kabla chapati ya kwanza haijageuzwa, simu zetu tatu zilikuwa zimeshaanza kulia. Kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Njiwa wawili. Waridi lenye umande na maneno ya Zaburi. Siku za Ijumaa mama wa chapati alipata za kwake, zenye misikiti na mwezi wa dhahabu. Mzee alikuwa amenunuliwa simu na binti yake, na kabla hajajua kuizima alikuwa ameshaingizwa katika makundi manne: la kanisa, la ukoo, la wakulima wa kahawa, na jingine ambalo hakuna aliyejua ni la nini. Kadi zote zilimfikia. Alizitazama kama alivyotazama redio iliyoletwa ikiwa imeshafunguliwa na fundi mwingine.

"Hii imetoka kwa nani?" aliniuliza siku moja.

"Kwa mpwa wako wa Karatina."

"Na inaenda kwa nani?"

"Kwa kundi lote, mzee."

"Basi haiendi kwa mtu." Akaiweka simu chini. "Salamu bila jina ni kelele tu. Ni kama mtu amesimama kwa barabara anasema habari, habari, habari."

"Babu, wewe shukuru umekumbukwa," mama wa chapati alisema. "Mwenzako mimi nikikaa siku mbili bila kutuma waridi naulizwa kama nimekasirika."

Nilidhani ni manung'uniko ya uzee. Kumbe mzee alikuwa akizungumza kama mtu wa kazi hiyo. Katika miaka ya nyuma, kabla ya simu, alikuwa shabiki wa salamu za redioni. Mimi nilikuwa nimezisikia utotoni, mtangazaji akisoma majina mengi mfululizo huku muziki ukingoja, na nilijiuliza sana watu hao ni akina nani na kwa nini wanasalimiwa kila wiki. Sasa nilikuwa nimeketi karibu na mmoja wao. Alinieleza jinsi ilivyofanyika. Ulinunua kadi zenye mistari. Ukaandika jina lako, mahali unapotoka, kisha majina ya watu wasiozidi kumi, kwa mpangilio wa heshima, na chini kabisa ujumbe wa sentensi moja au mbili. Ukaitia posta. Halafu ukangoja. Wiki mbili, tatu, pengine mwezi, mpaka zamu yako ifike isomwe. Mashabiki walikuwa na majina yao ya redioni, walikuwa na vyama, na walijuana kutoka Murang'a hadi Meru bila kuonana uso kwa uso.

"Ukisalimiwa, lazima ujibu," alisema. "Ukinyamaza, watu wote wanajua umenyamaza. Si nchi nzima imesikia?"

Nikamuuliza kama yeye aliwahi kunyamaza. Huwa nauliza maswali kabla sijafikiria. Alikuwa ameshika skrubu mdomoni, akaitoa, akaitia kwenye kifuniko cha chupa, akarudi kwenye redio yake.

Alinijibu wiki iliyofuata, mvua ikiwa imetufungia ndani. Alikuwa na rafiki wa salamu, mchuma chai wa Kangari. Walionana mara moja tu, katika mkutano wa chama chao uliofanyika Kenol, wakala nyama pamoja, wakapiga picha ambayo haikutoka. Lakini kila mwezi walisalimiana redioni, na kila mara yule wa Kangari alimtaja mzee pamoja na mke wake, majina mawili kwa pamoja, mume na mke. Mke wa mzee alikuwa hapendi salamu. Alisema ni mchezo wa watu wasio na shamba. Lakini akisikia jina lake aliongeza sauti ya redio.

Mke akaugua na kufa, kwa muda wa siku chache tu. Mzee hakuwapasha habari wenzake wa salamu. Nani angeandika kadi wakati ule? Walimzika, wageni wakaondoka, na jioni moja akiwa ameketi peke yake jikoni, redio ikasoma kadi kutoka Kangari. Ilikuwa imeandikwa wiki nyingi kabla, ikangoja zamu yake. Ilimsalimia yeye na mke wake. Iliwatakia afya njema, wote wawili, na mavuno mema.

"Niliizima," mzee alisema. "Sikuwasha tena kwa salamu. Wakati wangu wa kujibu ukapita, mwaka ukapita. Na huyo mtu bila shaka aliambiwa baadaye na wengine. Akajua amemsalimia mtu aliye kaburini, nchi nzima ikisikia. Nami sikumjibu. Amekaa na hiyo miaka yote."

"Ulikasirika?"

"Hapana. Hiyo ndiyo shida." Alifuta miwani kwa kona ya aproni. "Nilifurahi. Hiyo salamu ilikuwa ya mwisho kumtaja kama mtu aliye hai. Watu wote walikuwa wanamwita marehemu, marehemu. Redio ikamwita kwa jina. Nataka kumwambia hivyo. Nataka kumwambia kabla sisi wote hatujaisha."

Nilimwambia nitakwenda Kangari. Njia ninaijua, na vituo vya kupimia majani ya chai navijua. Mzee akakataa. Alilijua jina la redioni tu, la nyumbani lilikuwa limemtoka, na sanduku la posta ambalo mtu huyo alilitumia enzi hizo lilikuwa la shule. Lakini hiyo haikuwa sababu kubwa.

"Salamu hazipelekwi kwa kumtafuta mtu kama mwizi," alisema. "Hutangazwa. Yeye alinisalimia mbele ya watu. Namjibu mbele ya watu."

Basi nikafurahi, maana kutangaza ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya. Usiku huohuo sikulala mapema kwa hamu ya kuanza. Kesho yake kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza kadi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Mlima ulikuwa nyuma, jua likichomoza kwenye kilele. Waridi pande zote mbili. Juu niliandika HABARI YA ASUBUHI kwa dhahabu inayometameta, na katikati, kwa maandishi ya mviringo, nikaweka salamu za mzee: jina lake la redioni, jina la mwenzake wa Kangari, na ombi kwamba yeyote anayemfahamu amfikishie. Mama wa chapati alikuja na mikono ya unga kuitazama.

"Msafiri, umejua kazi," alisema. "Nitumie niifowadi."

Tukaituma kwenye makundi yote manne ya mzee, matano ya mama wa chapati, na yangu. Ilienda kasi. Siku ya pili ilikuwa imefika Karatina, nikajua kwa sababu mpwa wa mzee aliirudisha kwenye kundi la ukoo kana kwamba ni yake. Siku ya tatu mteja wa Kagio aliniambia ameiona. Kila ilikopita watu waliijibu. Waliandika Amina. Waliandika Ubarikiwe. Walituma mikono iliyounganishwa na mioyo myekundu. Siku ya tano ikaturudia kupitia kundi la wakulima wa kahawa, na mtu alikuwa amekata sehemu ya chini ili aweke picha yake mwenyewe akiwa na suti. Jina la mzee halikuwepo. La rafiki yake lilikuwa limebaki nusu, chini ya kiatu cha yule wa suti.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Hawa wamesoma?" aliuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Mama wa chapati alikuwa mkweli kuliko mimi.

"Babu, nisamehe. Mimi mwenyewe nimeituma kwa ndugu zangu wote na sijaisoma. Nilidhani ni ya Zaburi."

Niliona aibu ambayo sijaizoea. Makosa ya kawaida kwangu ni ya kutojua, na hayo hayanisumbui, kwa sababu kesho nitajua. Hili lilikuwa kosa la kujua. Nilikuwa nimejifunza jinsi kadi nzuri inavyoonekana, nikaifanya hivyo hasa, na kwa hiyo ikafanana na zile elfu zinazopita kila asubuhi ambazo mtu huzigusa kwa kidole gumba huku akitafuta soksi. Nilikuwa nimempa mzee kile alichokilalamikia tangu mwanzo, salamu isiyokwenda kwa mtu.

Nilimwambia tuondoe maua. Tuondoe mlima pia. Nikamuuliza kadi za redio zilikuwaje, rangi gani, mistari mingapi, nizichore kwenye simu. Badala ya kunijibu alivuta droo ya chini, ile ya vifundo vya redio vya kubadilishia stesheni, akatoa bunda la kadi tupu lililofungwa kwa mpira. Mpira ulikatika alipougusa. Alikuwa amezinunua muda mfupi kabla ya msiba, na hakupata moyo wa kuzitupa. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Kwa nini uchore na ziko?" alisema.

Ilimchukua siku mbili kuandika kadi moja. Ya kwanza aliiharibu kwa mpangilio, kwa sababu alimsahau mwenyekiti wa zamani wa chama chao, na mtu hawezi kutajwa chini ya mweka hazina wake. Ya pili alipiga chafya. Nilimwambia majina yote kumi hayana haja, mtu tunayemtafuta ni mmoja. Akanitazama kama nimesema redio haihitaji spika.

"Hao wengine ndio watampelekea," alisema. "Ukimsalimia mtu mmoja, ni mmoja anasikia. Ukisalimia kumi, huyo mmoja anaambiwa mara tisa."

Waliobaki hai aliwakumbuka saba. Namba moja akaweka jina la redioni la rafiki yake wa Kangari, juu ya mwenyekiti, jambo ambalo kwa kanuni zake lilikuwa kubwa. Halafu akafika kwenye ujumbe na akakaa. Mama wa chapati alileta chai, ikapoa. Mteja wa pasi alikuja, akaambiwa arudi. Mwishowe akaandika kwa mwandiko ulioinama, herufi zikiwa zimeshikana mikono kama walivyofundishwa watu wa zamani:

*Salamu zako za mwisho zilifika. Zilitufikia sote wawili. Nilichelewa kukushukuru.*

Nilipiga picha ile kadi juu ya meza, kwenye mwanga wa mlangoni. Sikuipamba. Kidole gumba cha mzee kilionekana kwenye kona, chenye alama nyeusi ya risasi ya kuchomelea nyaya, nami nikataka kukikata, halafu nikakiacha. Chini ya picha niliandika namba ya simu ya kibanda, basi, tukaituma kwenye makundi yaleyale.

Ilikwenda polepole. Siku ya kwanza ni watu wachache walioituma mbele. Lakini hakuna aliyeandika Amina. Waliuliza maswali. Huyu ni nani? Hii ni kadi ya miaka gani? Sote wawili ni nani na nani? Mwanamke mmoja wa kundi la kanisa alisema marehemu baba yake alikuwa na kadi kama hizo chini ya kitanda. Mwenyekiti wa zamani, namba mbili, alipiga simu akiwa hai kabisa, akataka kujua kwa nini yeye ni namba mbili. Mzee alimweleza. Mwenyekiti akasema basi ni sawa, na kwamba yeye pia ataituma kwa watu wake wa Murang'a.

Siku ya tisa, baada ya chakula cha mchana, simu ilipigwa na mwanamke. Aliniambia yeye ni mke wa mtoto wa yule mtu tunayemtafuta. Kadi aliiona katika kundi la akina mama wa kanisa lao la Kangari, akaisoma kwa sauti jikoni kwa sababu mwandiko ulimvutia, na baba mkwe wake, ambaye macho yake yamepungua nuru, alisema kutoka kwenye kiti, "Soma tena." Alimsomea mara tatu. Mara ya tatu mzee huyo alitoka akaenda kusimama kwenye majani ya chai, na aliporudi aliomba ashikiwe simu.

"Ametuma sauti," mwanamke alisema. "Mwambie mzee wako asikilize."

Nilimwita fundi, nikamwita na mama wa chapati, ambaye alikuwa ameshafika. Nikabonyeza.

Sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kuzungumza mahali penye upepo. Alianza kwa kanuni zote. Akasema anapotoka. Akamsalimia karani wa kituo cha kupimia chai, akamsalimia daktari aliyemtengenezea meno, kisha akasema, "Na namba tatu, fundi wa Nyeri."

"Namba tatu," mzee alisema.

"Nyamaza, babu."

"Niliambiwa habari ya mkeo baada ya miezi sita," sauti iliendelea. "Nikasema, nimemtukana mtu katika msiba wake, na hata redio imenisaidia. Nikaacha salamu kabisa. Nimekuwa nikifikiri, siku nikikutana na huyo fundi, nitapita upande ule mwingine wa barabara. Sasa naambiwa ati zilifika. Naambiwa ati mlikuwa wawili mkisikiliza." Hapo kuku mmoja alilia. "Basi nimesikia. Nimesikia, ndugu yangu. Wewe ulilala vizuri miaka hii? Mimi leo nitalala."

Ikaisha hapo. Mama wa chapati aligeuka kutazama jiko lake ambalo halikuwa na kitu. Mzee aliniambia nirudie, nikarudia, na mara ya pili alitingisha kichwa polepole mwanzo hadi mwisho, hata kwenye meno ya yule daktari.

Nilimwonyesha pa kubonyeza ili naye ajibu kwa sauti. Alishika simu kama anavyoshika saa iliyofunguliwa, kwa vidole vinne. Akabonyeza. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alikaa hivyo, kidole kikiwa palepale, huku mkono mwingine ukigongagonga meza kwa bisibisi, na mama wa chapati akimwambia mteja kwamba hana chenji. Kisha kidole kilichoka, kikaachia, sauti ikaenda kama ilivyo.

"Imeenda?" aliuliza kwa hofu. "Sijasema kitu. Irudishe."

Nilimwambia naweza kuifuta. Lakini tayari kulikuwa na jibu, fupi.

"Nimesikia nyundo," alisema yule wa Kangari. "Bado unagonga vitu vya watu. Nilijua hujabadilika. Sasa sema."

Mzee akacheka. Nilikuwa nimekaa naye miezi minne na sikuwahi kusikia kicheko hicho, kilikuwa cha kijana na kilianzia puani. Akaivuta stuli yake karibu na mlango ambako mtandao una nguvu, akanipa mgongo, akabonyeza tena. Alianza na kulalamika kuhusu namba tatu. Halafu akamwambia habari za mke wake, alivyougua na siku gani, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa asubuhi ileile.

Mazungumzo yale hayakunihitaji. Nilichukua jagi nikaenda kununua maziwa ya chai, nikapita njia ya mbali, na niliporudi alikuwa bado anazungumza.